ITAKUWAJE IWAPO...? HADITHI ZA KISAYANSI, SINEMA ZA NDOTO NA MUZIKI MPYA ZINA FAIDA GANI KWETU?

  

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Makala haya yote yanahusu swali moja tu, nalo ni fupi kama mkia wa mbuzi: itakuwaje iwapo? Swali hili ndilo mama wa vitu vitatu ninavyovipenda mno: hadithi za kubuni za kisayansi, sinema zinazofuata njia za ndoto, na muziki wa watu wanaothubutu kujaribu jambo jipya. Wanaonijua darasani wanafahamu. Wengine wameshanibatiza jina la "Mtu wa Mars". Sijali, jina si kovu.

Hata hivyo, kuna maneno manne ambayo nimeyasikia mara nyingi, nami naona heri niyajibu hadharani kupitia jarida la chama chetu. La kwanza: ati hayo ni mambo ya wazungu. La pili: ati ni uongo mtupu. La tatu: hayaji kwenye mtihani. La nne ni la nyanya yangu, yule tunayemwita susu, ambaye alinikuta nikiangalia sinema kwenye simu ya kaka, akauliza kwa upole, "Hiyo itatuletea maji?" Jamani, swali hilo la nne lilinikosesha usingizi. Hebu tuanze na maana kwanza, kisha tutayafikia moja baada ya jingine.

MAANA YAKE NI NINI?

Hadithi ya kubuni ya kisayansi, ambayo wataalamu wa fasihi huiita pia bunilizi ya kisayansi, huchukua dunia tunayoijua na kubadilisha kitu kimoja. Baada ya hapo mwandishi hana ruhusa ya kudanganya tena. Kila kinachofuata lazima kitokane na kile kitu kimoja alichobadilisha.

Nitatoa mfano rahisi. Katika ngano zetu sungura huzungumza na fisi, na hakuna mtoto anayeuliza sungura alijifunzia wapi kuongea. Hiyo ni ngano, na ni tamu kwa njia yake. Lakini ukiandika bunilizi ya kisayansi ambamo punda wa Zombe wanazungumza, ni lazima utuambie wamewezaje. Je, wamewekewa kifaa kooni? Nani alikitengeneza? Wakishazungumza, watakubali kubeba mitungi minne ya maji kupanda mlima bila kudai mshahara? Umeona? Kutokana na punda mmoja tumefika kwenye mambo ya kazi na haki.

Mwanamke mmoja wa Uingereza, Mary Shelley, alianza kuandika kitabu cha Frankenstein mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18 tu. Kilichapishwa mwaka 1818. Aliuliza: itakuwaje iwapo mwanasayansi ataweza kumpa uhai kiumbe, kisha amkimbie? Hadi leo watu wangali wanajibu swali lake. Alikuwa na miaka miwili tu zaidi yangu, na hilo hunipa moyo sana.

Sinema ya ndoto nayo ina njia nyingine. Kule Ufaransa, mwaka 1924, mshairi André Breton na wenzake walianzisha mtindo wa sanaa uitwao usurealisti. Walisema kwamba ndoto nazo zina ukweli wake. Fikiria ndoto yako ya jana. Uko darasani, mara darasa limekuwa jiko la shangazi, mwalimu anasonga ugali, na wewe huoni ajabu yoyote. Sinema za aina hii hukuchukua hivyo hivyo. Huelezwi kila kitu, lakini ukitoka unahisi umeambiwa jambo kubwa.

Muziki mpya ninaousema ni ule wa msanii anayechukua chombo, mdundo au sauti tuliyoizoea na kuifanyia jambo ambalo hatukulitarajia. Nitaurudia baadaye, tulia.

ATI NI MAMBO YA WAZUNGU?

La hasha! Hebu tuanzie hapa hapa Ukambani. Nani hajasimuliwa habari za Syokimau? Huyu alikuwa mwonaji wa Wakamba ambaye, kabla ya wakoloni kuja, inasimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji huku akitoa moshi. Pia alisema watakuja watu wanaobeba moto mifukoni. Reli kutoka Mombasa ilipofika mahali panapoitwa Nairobi leo, mwaka 1899, na ikaendelea hadi Ziwa Viktoria, wazee walisema, "Nyoka ndiye huyo!" Viberiti navyo vikawa ule moto wa mifukoni.

Sasa sikiliza kichekesho cha historia. Mwaka 2012 kituo cha reli kilifunguliwa pale Syokimau, mahali penye jina la mwonaji huyo. Yaani nyoka amekuja kulala nyumbani kwa yule aliyemtabiri! Mimi sisemi kuwa Syokimau aliandika bunilizi za kisayansi. Ninasema kuwa babu zetu walijua kuzungumzia mambo yasiyokuwapo bado, na waliyafikiria kwa uzito.

Twende pwani. Karibu na Malindi, baharini pale Ngomeni, kulikuwa na jukwaa la kurushia roketi lililoendeshwa na Waitaliano, likiitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti moja ya Marekani ilirushwa kutoka hapo. Kwa kuwa ilikuwa siku ya sikukuu ya uhuru wetu, setilaiti hiyo ilipewa jina Uhuru. Naam, jina la Kiswahili! Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Wataalamu wa elimu ya nyota wanalijua jina hilo, ila sisi wenyewe twafikiri Uhuru ni bustani tu.

Tena anga imekuja hadi jirani yetu Makueni bila hodi. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka mbinguni katika kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ilikuwa na kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi, na kwamba ni kipande cha roketi. Vipande vya aina hiyo kwa kawaida huungua vikiingia katika hewa ya dunia, au huangukia baharini. Kwa bahati njema, hakuna aliyeumia.

Hebu jiulize: itakuwaje iwapo pete ile ingeangukia darasa au boma la mtu? Nani angelipa? Jibu lipo. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema kuwa nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kinayoleta hapa ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Mkulima wa Ukambani ana haki yake mbele ya wenye roketi. Lakini atadai vipi haki hiyo kama hajawahi hata kuwaza kuwa anga inamhusu?

Na kama unataka vitabu, viko, tena vya Kiswahili. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi. Mhusika wake mkuu anaitwa Dzombo (karibu niseme ni mtu wa Zombe!). Dzombo anahukumiwa kifo kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani. Badala ya kufa, anajifunza kukiendesha chombo chenyewe na kutua katika nchi ya mbali iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Lisome jina hilo polepole: wale-ni-sisi. Mkangi alikuwa msomi wa elimu ya jamii, na katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Aliaga dunia mwaka 2004. Mtu kama huyo alipoandika juu ya chombo cha kumuua mtu asiyetakiwa na wakubwa, hakuwa akicheza. Alikwenda mbali kabisa angani ili apate nafasi ya kuisema nchi yake.

Kule Tanzania, Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, lakini vizito kama jiwe la kusagia. Ndani yake huwezi kusema kwa hakika kama uko ndotoni au uko macho. Hapa Kenya, Kyallo Wadi Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002, safari ya ajabu ndani ya dunia iliyogeuka kuwa kijiji kimoja. Kwa hivyo anayesema hayo ni mambo ya wazungu, na apitie maktaba kwanza.

ATI NI UONGO MTUPU?

Hapa nakubali nusu. Kuna sinema nyingi za anga ambazo ni kelele tu. Vyombo vinalipuka angani na mlio unasikika "buuum!" hadi masikio yanauma. Mwanafunzi yeyote aliyefanya jaribio la kengele ndani ya chupa iliyoondolewa hewa anajua kuwa sauti haipiti mahali pasipo hewa. Hapo nami hucheka.

Lakini zile nzuri hufuata kanuni. Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza sinema ya watu wanaosafiri hadi mwezini. Walirushwa kwa mzinga, jambo ambalo lingewafanya chapati! Hata hivyo, miaka 67 baadaye, mwaka 1969, binadamu alikanyaga mwezi kwelikweli. Sinema haikujenga roketi. Hata hivyo, watoto walioiona walikua wakijua kuwa mwezi ni mahali, na mahali huendeka.

HIYO ITATULETEA MAJI?

Sasa nimefika kwa susu. Sinema niliyokuwa nikiangalia siku ile inaitwa Pumzi. Iliongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009, ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance kule Marekani mwaka 2010. Ni fupi, dakika 20 na kidogo tu, kwa hivyo haimalizi betri.

Ni Afrika Mashariki ya siku zijazo, miaka 35 baada ya Vita Vikuu vya Tatu. Vita hivyo vilikuwa vya nini? Vya maji! Nje hakuna kitu kinachoota. Watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa uitwao Maitu, neno la Kikikuyu la kumaanisha mama. Sisi Wakamba tunasema mwaitu, kwa hivyo hatuhitaji mkalimani. Kila mtu ana kipimo chake cha maji. Jasho hukusanywa, mkojo husafishwa, vyote hunywewa tena. Umeme hutoka kwa watu wenyewe wanaokimbia juu ya mashine. Hata ndoto zimepigwa marufuku: ukiota, unaamriwa kumeza kidonge.

Kuna msichana aitwaye Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho. Siku moja anapokea kifurushi chenye udongo kidogo, bila jina la aliyekileta. Anaupima. Hauna sumu ya mionzi, na una maji! Anauweka mbegu, nayo inachipua. Anawaomba wakubwa wamruhusu atoke nje kutafuta udongo huo ulikotoka. Wanakataa, maana kwao nje hakuna uhai na basi. Asha anafanya nini? Sikumalizii uhondo, itafute mwenyewe. Nakuambia tu kwamba mwisho wake unaonyesha maji machache ya mtu mmoja yanavyoweza kufanya kazi yakipewa mche mmoja.

Wengine mtasema, "Kunywa jasho? Uongo!" Ngoja kwanza. Katika kituo cha kimataifa cha angani, wanaanga hunywa maji yaliyosafishwa kutoka jasho, pumzi na mkojo wao. Mwaka 2023 shirika la NASA lilitangaza kuwa mitambo ya kituo hicho imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Kwa maneno mengine, kati ya lita 100 zinazotumika, ni lita 2 tu zinazopotea. Pumzi ilikuwa imeshalionyesha jambo hilo mwaka 2009, tena kwa nyuso za Kiafrika.

Je, mtu wa Zombe anahitaji kufafanuliwa sinema hii? Sisi kipimo cha maji tunakijua tangu utotoni. Kiangazi kikikaza, mito yetu hugeuka barabara za mchanga. Tunachimba visima vya mkono mtoni, tunasubiri maji yajikusanye, tunateka kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Punda wanapanga foleni kama watu. Katika darasa letu kuna wasichana ambao siku ya zamu ya maji hawaonekani shuleni hadi saa nne, na wakija wamechoka, hesabu haiingii. Asha anapopewa kachupa kadogo ka maji ya siku, darasa letu halicheki. Tunaelewa.

Sasa tazama hapa, na hili ndilo jibu langu kwa susu. Huku Kitui kuna mabwawa ya mchanga mamia kwa mamia, mengi yamejengwa tangu miaka ya 1990 na wanakijiji wakishirikiana na mashirika kama SASOL. Linafanya kazi namna hii. Watu wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukatisha mto wa msimu, ukiwa umekaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto unashuka na mchanga. Mchanga mzito unatuama nyuma ya ukuta, udongo mwepesi unapita juu na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga pomoni. Mtu asiyejua atasema bwawa limeharibika. Kumbe maji yamejificha katikati ya chembe za mchanga! Jua haliyafikii, mbu hawawezi kutagia humo, na mchanga wenyewe unayachuja.

Jaribu kufikiria mtu wa kwanza aliyelieleza wazo hilo mbele ya baraza la kijiji. "Jamani, tuhifadhi maji ndani ya mchanga." Si wangemwona ni mwendawazimu? Bwawa lenye kujaa mchanga badala ya maji! Hiyo ni ndoto kabisa, ni sinema. Lakini mtu huyo alikuwa ameuliza: itakuwaje iwapo mchanga, ambao sisi tunauona kuwa adui wa bwawa, ndio utakaokuwa bwawa lenyewe? Akafuata kanuni za fizikia hadi mwisho, na leo watu wanakunywa.

Kwa hivyo, susu, sinema haitaleta maji. Nakubali, sinema haina mabomba. Ila inamfundisha mtoto wa Zombe zoezi lile lile lililozaa bwawa la mchanga: kuangalia kitu kilichopo, kukibadilisha kichwani, na kukifuatilia kwa uaminifu hadi uone kitafika wapi. Asiyefanya zoezi hilo ataona njia moja tu ya kutoka kwenye kiangazi, nayo ni kupanda basi la Nairobi asirudi.

SINEMA YA NDOTO NA BENDI YA VICHWA VIKALI

Mbithi Masya, ambaye jina lake Mkamba yeyote analitambua, aliongoza sinema iitwayo Kati Kati mwaka 2016. Mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta porini, amevaa nguo za hospitali, hakumbuki lolote. Anatembea hadi kwenye nyumba za wageni ziitwazo Kati Kati. Anawakuta vijana, wanampokea vizuri, halafu wanamwambia kwa utulivu kuwa amekufa. Wao pia wamekufa. Kila mmoja ana jambo ambalo hajalikiri moyoni mwake, na hawezi kuondoka mpaka alikabili.

Hakuna zimwi humo, hakuna milipuko. Kuna nyasi, jua, bwawa la kuogelea na watu wanaocheka kupita kiasi. Lakini nilipoimaliza sikuweza kuzungumza kwa muda. Hapo ndipo nilipoelewa sinema za ndoto: zinachukua jambo la moyoni lisiloonekana, kama vile majuto, na kuligeuza mahali unapoweza kutembea. Katika tamasha la Toronto mwaka huo huo wa 2016, sinema hii ilipewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI. Mnaona basi kuwa si mimi peke yangu niliyeduwaa.

Masya huyo huyo alikuwa mwanachama wa Just A Band, kundi la vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walichanganya mdundo wa kompyuta na Kiswahili cha mtaani, wakatengeneza video zao wenyewe. Mwaka 2010 walitoa video ya wimbo wao Ha-He, yenye shujaa aitwaye Makmende, mwenye nywele za afro na ngumi za haraka. Neno hilo lina historia tamu. Katika sinema ya mwaka 1983, mwigizaji Clint Eastwood alitamka maneno fulani ya Kiingereza ya kumtisha mwizi. Watoto wa mitaa ya Nairobi wakayasikia vibaya, wakayapinda, yakawa jina: yeyote aliyejifanya shujaa akawa "Makmende". Miaka ikapita, bendi ikalifufua neno, na nchi nzima ikaanza kutunga vichekesho vya Makmende kwenye intaneti. Mimi naona hapo ndipo ubunifu ulipo. Walichukua kosa la masikio la watoto, wakalitengenezea ulimwengu mzima.

Vivyo hivyo Dar es Salaam, vijana wa uswahilini walichukua vipande vya taarabu na mchiriku, wakavikimbiza kwenye kompyuta hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ikawa singeli. Ukiisikia mara ya kwanza unafikiri redio imeharibika. Ya pili, mguu unaanza kutikisika wenyewe.

Na kuna kazi moja inayounganisha vitu vyangu vyote vitatu: Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa nchini Rwanda. Ni sinema ya muziki kuhusu wachimbaji wa koltani, yale madini yanayotumika ndani ya simu, na vijana wa Burundi wanaojenga kambi yao kwa mabaki ya kompyuta. Kiswahili kinasikika humo pamoja na Kinyarwanda na Kirundi. Inauliza: itakuwaje iwapo wale wanaochimba madini ya simu ndio watakaoshika mitambo?

Nanyi mnaosema muziki wa aina hiyo hauna mizizi, kumbukeni ngoma ya kilumi. Akina mama wazee walipiga ngoma hadi usiku kuomba mvua. Mdundo ule unarudiarudia mpaka mtu anahisi ametoka mwilini. Ukiuweka kando ya muziki wa kompyuta wa leo, ni ndugu, ila mmoja anatumia ngozi ya ng'ombe na mwingine umeme.

HAYAJI KWENYE MTIHANI?

Kweli, vitabu teule vyetu ni Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo, na lazima tuvisome, tena kwa bidii. Lakini karatasi ya insha haijakataza mtu kuwaza. Mtahini anayesoma insha mia moja zinazoanza kwa "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua liliwaka" atashukuru akipata moja inayoanza mahali pengine.

Ukitaka kujaribu, kanuni ninazozifuata ni hizi:

Kwanza, badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitu kumi, msomaji atapotea nawe utapotea.

Pili, anza na kitu cha nyumbani. Mbuyu, punda, mtungi, bodaboda, sola ya dukani. Mgeni wa sayari nyingine akitua Zombe sokoni siku ya soko, tayari una hadithi. Atauziwa nini? Kwa bei gani?

Tatu, uliza nani atafaidika na nani ataumia. Mashine ya mvua ikipatikana, nani atashika swichi?

Nne, fuata kanuni zako hadi mwisho. Usije ukamaliza kwa "kumbe ilikuwa ndoto". Huko ni kumkimbia msomaji.

Tano, andika kwa Kiswahili. Lugha iliyoipa setilaiti jina mwaka 1970 haishindwi na roketi.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina ombi moja kwa mwalimu mlezi na wanachama wote wa chama chetu. Ukuta wetu wa matangazo hukaa mtupu muhula wa pili wote. Naomba tuutenge kwa hadithi fupi, ukurasa mmoja mmoja, kila moja ikianza kwa maneno "Itakuwaje iwapo..." na kila moja itokee hapa hapa Zombe. Wa Fizikia wahakikishe kanuni, wa Jiografia waangalie mito, wa muziki watupe mdundo wa kusomea. Mimi nitaleta ya kwanza Jumatatu. Inahusu msichana anayegundua mahali mchanga wa Thua unakoyapeleka maji yake, na baraza la wazee wanaopaswa kuamua kama watamwamini.

Mwenye macho haambiwi tazama.  Tukutane ukutani!

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.